Kusafiri na gari na kupiga kambi kwenye pwani ya mbali ya kitropiki: mwongozo kamili, kuanzia jedwali la maji hadi kuosha gari

Watu wengi wakipanga safari ya aina hii wanaanza na ramani, wanapima kilomita, wanagawanya kwa siku, basi leo tunalala hapa kesho tunalala pale. Kwenye lami hiyo inakubali. Ila pwani ya mbali, ile yenye mchanga, mawe, mito isiyo na daraja na mikoko, haiendi hivyo, kule mwenye ratiba ni bahari. Kilomita 30 za ufukwe unaweza kuzimaliza kwa saa moja na kidogo kama umeingia wakati sahihi, na zilezile zinaweza kukumezea gari ukiingia wakati mbaya. Kwa hiyo mwongozo huu naupanga kwa kufuata maji, mambo mengine yote yanakuja nyuma yake.

Kwanza kabisa: jedwali la maji

Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na unakoenda, lichapishe kwenye karatasi, usitegemee simu peke yake. Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya kama saa 24 na dakika 50, yaani kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Leo maji yakiwa yamekupwa kabisa saa 4 asubuhi, kesho hesabu saa 5 kasoro dakika 10, na wiki moja baadaye ile saa 4 yako utakuta maji yamejaa. Hapo ndipo ratiba za kilomita zinapovunjika, kwa sababu mtu amepanga kila siku kuondoka baada ya chai na bahari haijui habari ya chai yake.

Halafu angalia mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku moja au mbili baada yake, ni bamvu, maji yanajaa juu sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Bamvu linakupa ufukwe mpana na mgumu wakati wa kupwa, ila maji yakirudi yanarudi kwa nguvu na yanafika juu kuliko jana, kwa hiyo mimi napenda kupanga siku za kuendesha ufukweni ziangukie baada ya bamvu kupita, maji yakielekea kuwa mafu, kila usiku yanaishia chini kidogo kuliko usiku uliopita na kambi inazidi kuwa salama badala ya kuzidi kuwa hatarini.

Kitu kingine, maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua zile saa 6 za kujaa: saa ya kwanza yanapanda kidogo tu, ya pili zaidi, saa ya 3 na ya 4 peke yake zinabeba nusu nzima ya maji yote, halafu yanapunguza tena. Ndiyo maana mtu anaona saa nzima bahari kama imetulia, anasema bado tuna muda, kisha ghafla njia imekwisha. Kanuni ninayoifuata ni kuingia ufukweni maji yakiwa bado yanashuka, saa 2 au 3 kabla ya kupwa kabisa, manake ukikwama maji yanakukimbia na una muda wa kuchimba, ukiingia yakiwa yanapanda ukikwama yanakufuata.

Ukubwa wa maji unatofautiana mno kati ya pwani na pwani. Sehemu kubwa ya Karibiani tofauti haifiki hata mita moja, pwani ya Afrika Mashariki wakati wa bamvu ni mita 3 mpaka 4, na kule Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, inapita mita 10. Usichukue uzoefu wa pwani moja ukaupeleka nyingine bila kusoma jedwali. Na upepo mkali unaovuma kutoka baharini unasukuma maji juu kuliko jedwali linavyosema, kwa hiyo siku ya upepo jiwekee nafasi ya ziada.

Msimu nao. Njia za pwani wakati wa masika zinageuka tope na mito inajaa, nenda kiangazi. Kama unakoenda kunapigwa na vimbunga basi epuka miezi yake: kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi na kaskazini mwa Australia ni Novemba hadi Aprili, Atlantiki na Karibiani ni Juni hadi Novemba. Karibu kabisa na ikweta vimbunga ni nadra, lakini mvua ya kule haihitaji kimbunga kukufungia barabara.

Gari na vya kubeba

Foo wili yenye gia nzito, iliyonyanyuka, matairi mazima. Gari la kawaida usilipeleke, sisemi kwa kujivuna, mchanga laini haujali dereva ni hodari kiasi gani. Kabla ya safari peleka gari kwa fundi aangalie mfumo wa kupoza injini, mipira, fanibelti, breki, betri, bushi, na ile mipira midogo ya kupumulia ya difu na giaboksi kama imepandishwa juu, huko kwenye mito utaona faida yake.

Vya kujikwamua ni hivi na visikose: geji ya upepo, kompresa nzuri inayojaza tairi nne bila kuzimika, chepe mbili, mbao za kukwamulia jozi moja au mbili, kamba ya kuvutia inayonyumbulika, pingu za chuma zenye uzito ulioandikwa, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki maana jeki mchangani inazama, vifaa vya pancha, na tairi za spea mbili kama njia ina mawe ya matumbawe. Hayo mawe yanakata ubavu wa tairi, na ubavu hauzibiki. Na nakuomba kitu kimoja: usifunge kamba ya kuvutia kwenye kile kichwa cha duara cha kukokotea tela. Hakikutengenezwa kwa nguvu ile, kikikatika kinaruka kama risasi na watu wamekufa hivyo. Funga kwenye sehemu maalumu ya kuvutia iliyoshikwa na chesisi, watu wengine wote wakae mbali, mbali zaidi ya urefu wa kamba, na juu ya kamba tupia blanketi zito.

Nenda magari mawili. Gari moja likikwama ni tatizo, magari mawili ni kazi ya nusu saa. Kama lazima uende peke yako basi punguza tamaa, pita njia ngumu ukijua utarudi nyuma ukiona mashaka.

Mafuta piga hesabu hivi: chukua ulaji wa gari kwenye lami, mchangani zidisha mara moja na nusu, mchanga laini sana hata mara mbili, kisha ongeza akiba ya kurudi nyuma njia nzima endapo mto utakukatalia. Jerikeni za mafuta zisikae ndani ya gari mnamopumua, na ukijaza ishushe chini ardhini, usijazie ikiwa juu ya gari, umeme tuli unaweza kuwasha mvuke.

Maji ya kunywa tu weka lita 5 kwa mtu kwa siku, ukijumlisha kupika na kunawa fikisha lita 8 mpaka 10, na juu yake akiba ya siku 2 au 3 za kukwama. Yagawe kwenye madumu kadhaa, dumu moja kubwa likipasuka umekwisha. Kumbuka pia kuchemsha maji kunaua vijidudu tu, hakutoi chumvi, maji ya mlango wa mto yenye chumvi hayanyweki hata ukiyachemsha asubuhi mpaka jioni. Maji ya mto ya juu kabisa, yasiyo na chumvi, yachuje na kitambaa halafu yachemke vizuri kwa dakika moja nzima.

Chakula sitaongea sana, beba vikavu vingi, vibichi vya siku za mwanzo, barafu ya bonge kubwa maana inakaa kuliko vipande vidogo.

Mtandao hautakuwepo. Shusha ramani za kutumia bila intaneti, beba na ya karatasi, na ukiweza kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Muachie mtu nyumbani njia yako yote na siku ya mwisho ambayo usipopiga aanze kuuliza. Na kabla hujaingia ulizia vibali, pwani nyingi za mbali ziko ndani ya hifadhi au ni ardhi ya wenyeji, na baadhi ya fukwe zimefungwa kwa magari wakati kasa wanataga.

Kuendesha mchangani

Kabla ya tairi la kwanza kugusa mchanga, simama, punguza upepo. Kama unatembea na PSI 35 shusha hadi 18 au 20, mchanga mlaini sana 15, chini ya hapo tairi linaweza kutoka kwenye rimu ukikata kona. Piga magoti kando ya tairi uangalie linavyobadilika wakati upepo unatoka: chini linalala, ubavu unatuna kidogo, na alama yake mchangani inarefuka kwenda mbele na nyuma. Watu wanadhani linapanuka kwa upana, la, kikubwa ni ule urefu, uzito wa gari unasambaa na tairi linatembea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Magari mengi yanayokwama hayakwami kwa ubaya wa mchanga, yamekwama kwa uvivu wa kushuka na kutoa upepo. Ukishapunguza usipite kama kilomita 40 kwa saa na usikate kona kali.

Mchanga mgumu upo kati ya mstari wa maji yanapokuja na mstari wa maji yalipofika, ule uliolowa na kukauka kiasi. Usiendeshe ndani ya maji ya chumvi hata kama picha zinavutia, yanaingia kila mahali na kutu inaanza palepale. Juu kabisa kwenye mchanga mkavu mwepesi ni kugumu, na vichuguu vya mchanga vyenye majani usivikanyage, mizizi ile ndiyo inashika pwani isiliwe.

Fuata alama za gari lililopita, mwendo uwe sawasawa, mguu mwepesi. Ukitaka kusimama usikanyage breki, acha gari lijisimamie lenyewe, breki inasukuma tuta la mchanga mbele ya tairi na kuondoka inakuwa shida. Simama ukielekea mteremko. Ukisikia gari linazama usikanyage mafuta, hapohapo acha. Rudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe, mara nyingi linatoka. Halitoki? Shuka, toa mchanga mbele ya kila tairi na chini ya tumbo la gari, shusha upepo zaidi kidogo, ingiza mbao, toka polepole. Dakika 10 za chepe zinaokoa saa 2 za kelele.

Saa za mchana jua likiwa utosini kuna hatari ambayo haiongelewi vya kutosha. Katika tropiki jua la adhuhuri liko juu kabisa na vivuli havipo, mchanga wote unaonekana sawa, mweupe, kama meza. Kumbe kijito kimekata ufukwe usiku na kuacha ukingo wa nusu mita uliosimama wima. Asubuhi au alasiri ungeuona kivuli chake kutoka mbali, adhuhuri hauoni mpaka pua ya gari imeshashuka. Mchana wa namna hiyo punguza mwendo sana, na kila unapoona mchanga umebadilika rangi au kuna maji yanang'aa mbele, simama ushuke ukaangalie kwa miguu.

Tope la mikoko na yale mabonde tambarare yanayofunikwa na maji ya bahari, usiyaguse. Juu panaonekana pamekauka na kupasuka, chini ni uji. Gari likizama pale na maji yakirudi hakuna winchi itakayolisaidia kwa wakati.

Mito na milango ya mito

Mto unaoingia baharini unavuka maji yakiwa yamekupwa, na mlango wake unahama, njia ya mwezi uliopita inaweza kuwa shimo leo. Waulize wavuvi, wao wanapita kila siku na wanajua mchanga umehamia wapi. Kwenye mito isiyo na mamba unavuka kwanza kwa miguu na fimbo, ukipima kina na ugumu wa chini. Kwenye mito yenye mamba humpeleki mtu majini, unasubiri gari lingine, unaangalia alama za kutoka upande wa pili, na kama hujui kina basi hauvuki. Maji yakipita goti yakawa yanakimbia, rudi. Hata maji ya chini ya hapo yanaweza kulisukuma gari pembeni.

Gari likiwa limetoka mwendo mrefu lipe muda lipoe kidogo, difu ya moto ikizamishwa kwenye maji baridi inavuta maji ndani kupitia sili. Weka gia nzito, gia ya 2, ingia taratibu, mwendo mmoja, usibadilishe gia katikati. Ukitoka kanyaga breki mara kadhaa zikauke. Jioni kambini angalia oili, ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia, usiwashe tena mpaka imebadilishwa.

Kuchagua pa kulala

Fika kambini angalau saa 2 kabla ya giza, tropiki jua likizama giza linaingia haraka. Ukifika tafuta mstari wa majani makavu ya baharini na vijiti, huo ni mstari wa maji ya mwisho, lakini usiishie hapo, tafuta mwingine wa zamani juu zaidi, uliofifia, hapo ndipo bamvu lilipofika. Kambi yako iwe juu ya huo wa zamani. Kama jedwali linaonyesha usiku huu maji yatapanda kuliko jana, panda juu zaidi. Kwenye pwani za mamba ushauri unaotolewa Queensland ni kulala mita 50 au zaidi kutoka ukingo wa maji na mita 2 juu ya mstari wa maji makuu, uchukue popote kwenye mamba. Hapo samaki hatengenezwi ukingoni, mabaki hayatupwi majini, na maji hayachotwi kila siku mahali palepale, mamba anasoma mazoea.

Juu ya kichwa angalia pia. Mnazi wenye nazi si mahali pa hema, na matawi makavu ya miti mikubwa vilevile. Karibiani na Amerika ya Kati kuna mti wa manchineel, una matunda kama matofaa madogo ya kijani, utomvu wake unachoma ngozi, hata mvua ikidondoka kupitia majani yake inakuunguza, usikae chini yake wala usichome kuni zake. Kaa mbali na mikoko na maji yaliyotuama kwa sababu ya usubi na mbu, tafuta pwani iliyo wazi upepo unapopita. Mlango wa hema uuelekeze upande ambao upepo unapoza bila kuingiza mchanga.

Vigingi vya kawaida mchangani havishiki. Jaza mifuko mchanga, ifunge kamba, ifukie kina cha mkono mzima, hapo hema litavumilia upepo wa usiku. Gari uliegeshe likiangalia njia ya kutokea, funguo kila mtu ajue zilipo.

Moto uwashe pale tu unaporuhusiwa, chini ya mstari wa maji kujaa ikiwezekana. Na kuuzima ni kwa maji, ndoo kwa ndoo, mpaka usisikie tena mvuke. Usifukie makaa kwa mchanga! Mchanga unahifadhi joto, juu panaonekana pamepoa kabisa, hakuna moshi wala rangi, na saa nyingi baadaye mtoto anakimbia peku anakanyaga hapo. Majeraha ya namna hiyo ni mabaya sana na yanaepukika kwa ndoo 2 au 3 tu. Ukimwaga maji yakiacha kuchemka, korogea, mwaga tena, halafu weka kiganja karibu na ardhi usikilize joto.

Mbu wa malaria anauma jioni mpaka alfajiri, wa dengi anauma mchana, kwa hiyo dawa ya kujipaka ni muda wote na chandarua chenye dawa usiku. Kinga ya vidonge vya malaria muulize daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Kasa wakiwepo zima taa zote nyeupe upande wa bahari, wanaopotea kwa ajili ya taa ni watoto wake, wanakimbilia mwanga badala ya bahari. Choo chimba sentimita 15 hadi 20, mbali na maji angalau hatua 100, karatasi rudi nazo na taka zako zote.

Kuogelea na huduma ya kwanza

Mkondo ukikuvuta kwenda nje usishindane nao, elea, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, kisha rudi. Vaa viatu ukitembea kwenye matumbawe, na kwenye mchanga wa maji mafupi buruza miguu ili samaki aitwaye taa aliyelala chini akimbie. Ukichomwa na mwiba wa taa au wa samaki yule anayefanana na jiwe, zamisha mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, yasipite nyuzi 45, nusu saa hadi saa moja na nusu, maumivu yanapungua, kisha tafuta hospitali. Kaskazini mwa Australia, ukichomwa na viwavi vya baharini (konyeza) vya hatari, siki ndiyo inamwagwa kwanza, beba chupa. Mtu akiharisha au akiishiwa nguvu kwa joto, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari bila kufurika na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo.

Na hili lishike: ardhi ikitetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla wakati jedwali halisemi hivyo, usikusanye vitu, panda juu mara moja kwa miguu. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya tsunami ya Bahari ya Hindi, watu wengi walishuka kuangalia samaki waliobaki mchangani.

Ukitoka

Tairi zijaze upepo kabla ya kushika lami, ukikimbia na PSI 18 tairi linachemka na kupasuka. Siku hiyohiyo gari lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na muda mrefu uutumie chini: chesisi ndani na nje, breki, springi, juu ya tangi la mafuta, nyuma ya radieta ambako mchanga unajificha. Washa pampu ya maji chini ya gari dakika nzima kila upande, zunguka, rudia. Fundi akague difu na oili, apake grisi. Hema liweke wazi likauke kabisa hata kama linaonekana kavu, zipu zisafishe na brashi ya meno, kamba ya kuvutia ioshe mchanga wote maana punje zinaikata kwa ndani bila wewe kuona. Mwisho shusha tairi za spea, zioshe nyuma ya rimu, zijaze upepo, ndipo uzirudishe mahali pake.